Hakusahau Kuchechemea

Kuna mwigizaji mmoja wa filamu za Kihindi, zile za zamani zisizo na rangi, ambaye mimi na binamu yangu tulimwinda kwa miaka. Nasema tulimwinda kwa sababu hatukumtazama kama watu wengine wanavyotazama filamu. Tulitaka kumkamata akisahau.

Tulimwinda katika filamu moja tu, na humo yeye ni mjane, mpishi kwenye nyumba ya tajiri. Mwanzoni kabisa anaanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mguu wa kulia unavunjika, na kuanzia hapo anachechemea mpaka mwisho. Filamu yenyewe ni ndefu. Watoto wake wanakua, mvua inanyesha, tajiri anamfukuza, tajiri anamrudisha, zinaimbwa nyimbo, inafanyika harusi. Yeye anachechemea tu.

Tuliiona mara ya kwanza tukiwa wasichana wadogo, hapa Mwanza, mtaa wa Kirumba. Binamu yangu alikuwa mtoto wa shangazi yangu wa Magu, ameletwa kwa baba yangu ili asome mjini. Tulilala kitanda kimoja. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu, wa familia ya wauza vitambaa walioishi mjini tangu enzi za babu zao, na alikuwa na deki ya video. Jumamosi mchana alituruhusu tukae kwenye mkeka wake, miguu tukiwa tumenawa.

"Steringi ndio nani?" binamu yangu aliuliza siku ile.

"Huyo huyo mama," jirani akajibu.

"Steringi gani hapigi mtu?"

"Nyamaza utazame."

Filamu haikuwa imetafsiriwa, na Kihindi hatukukijua hata neno. Binamu yangu akajipa kazi ya kutafsiri. Tajiri akifoka, yeye anasema kwa sauti nene, "Nani amekula utumbo wangu niliouacha kwenye sufuria?" Mjane akilia, anasema, "Si mimi bosi, ni paka." Jirani alicheka mpaka anafuta macho kwa ushungi. Mimi sikuwa mtu wa kuchekesha, na mpaka leo siyo. Nilikuwa nakaa pembeni nikitazama mguu.

Ni jirani aliyetuchokoza. Alisema amesikia kwamba yule mama alikuwa mzima kabisa, msichana mwenye kucheza ngoma, na kwamba wakati wa kutengeneza ile filamu alichechemea hata alipokuwa anakwenda kula, mpaka waliokuwa wanawapikia wakaamini ni kilema kweli na kumwekea kiti. Sijui kama ni kweli. Naandika nilivyosikia. Binamu yangu hakukubali.

"Haiwezekani. Mtu mzima lazima asahau. Mimi nitamkamata."

Hapo ndipo uwindaji ulipoanza. Tulimtazama akipanda ngazi, akikimbia mvua, akimbeba mtoto. Tulirudisha mkanda nyuma mpaka jirani akapiga kelele kwamba tutamharibia deki. Kulikuwa na wimbo ambao anacheza kwa furaha kwa sababu mwanawe amepona, na binamu yangu alikuwa na hakika kwamba atamkamatia hapo, maana nani anacheza akakumbuka mguu? Lakini yule mama alicheza ngoma nzima ya mtu anayechechemea. Ule mguu wa kulia ulikuwa unafika nyuma kidogo ya mapigo, kila mara, na mwili wote ukausubiri. Hata binamu yangu alikosa la kutafsiri.

Tulikua. Mimi nikaishia darasa la saba, nikaolewa, nikawa mpishi wa shule kule Kisesa, karibu na Bujora. Binamu yangu alibaki mjini. Alikuwa na meza ya chai na maandazi karibu na kivuko cha Kamanga, na abiria wanaosubiri kuvuka walimjua kwa mdomo wake. Alimuuliza mtu mzima na koti lake, "Baba, unavuka kwenda kuoa au kukimbia mke?" Na yule baba alicheka, akaagiza chai ya pili. Aliishi na binti yake kwenye nyumba ya juu mlimani, Igogo, katikati ya yale mawe makubwa, mahali ambapo kwenda nyumbani ni kupanda na kwenda kazini ni kushuka.

Ni binti yake aliyeipata ile filamu kwenye mtandao na kuiweka kwenye simu. Basi Jumapili nyingi baada ya ibada nilikwenda kwake, tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai, wanawake wawili wenye mvi, tukaendelea kuwinda.

Nyonga ndiyo iliyoanza kumuuma binamu yangu. Akasema amelala vibaya. Baadaye akasema ni uzee. Baadaye hospitali wakasema ugonjwa umeingia kwenye mfupa, na kwamba hauwezi kutolewa. Aliniambia jambo hilo huku anamenya viazi, kisha akasema, "Sasa usinitazame hivyo kama umeona fisi."

Sharti lake lilikuwa moja tu. Mama yake asijue. Shangazi yangu ni mzee, yuko kwake Magu na shamba lake la mpunga, na safari za gari zinamtapisha. Kila jioni alipiga simu, na kila jioni binamu yangu alimjibu, "Mimi niko gado, mama. Nimenenepa mpaka viti vinanikimbia." Shangazi alitaka kuja, akamzuia. Alisema nyumba ni ndogo, alisema mlima ni mkali, alisema asubiri baada ya mavuno.

Ni katika miezi hiyo, tukiitazama filamu, alipoona kitu ambacho hatukuwahi kukiona katika miaka yote ya kutazama.

"Simamisha," akasema. "Rudisha. Hapo anapoamka."

Nikarudisha. Mjane anaamka asubuhi, anakwenda kuwasha jiko.

"Sasa peleka mbele, pale jioni anapoleta kuni."

Nikapeleka.

"Umeona?"

"Sijaona."

"Asubuhi anachechemea zaidi. Jioni mguu umelegea kidogo. Ndivyo ilivyo, we. Asubuhi nyonga ni kama mlango wenye kutu. Ukishatembea tembea inalainika." Akashika mdomo. "Huyu alijuaje? Alikuwa mzima huyu! Alimuuliza nani?"

Tukazipitia asubuhi zote na jioni zote za filamu ile. Kila asubuhi mguu ulikuwa mgumu, kila jioni umelegea. Hakuna mtu aliyemwagiza afanye hivyo, nadhani. Watazamaji hawakuwa na haja nayo. Sisi wenyewe tulikuwa tumeitazama tangu utoto kwa nia mbaya, kwa kutafuta kosa, na hatukuiona mpaka mmoja wetu alipougua. Nilijisikia kama mtu aliyepita kanisani kila siku akidhani ni ghala.

"Basi," binamu yangu akasema. "Mimi nimeshindwa. Huyu mama hakamatiki."

Siku hiyo hiyo, akiwa bado na furaha ya kushindwa, alinichokoza kuhusu jambo lingine. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Na mtu akifa, siku ya kuondoa matanga, mtani wake huvaa nguo zake na kumwigiza mbele ya waombolezaji: anatembea kama yeye, anagomba kama yeye, anawadai watu chakula, mpaka wacheke. Ni kazi ya heshima, na haikataliwi.

"Nikifa, mtani wangu ni wewe," akasema. "Wewe na ukimya wako huo! Msiba wangu utapoa kama uji wa jana."

"Acha maneno hayo."

"Siachi. Ukiniigiza vibaya nitafufuka nikuchape mbele ya watu, halafu nife tena."

Alikufa kabla ya mavuno. Tulimpeleka Magu, tukamzika kwa mama yake. Binti yake alikuwa amemwambia bibi yake kwamba ilikuwa homa kali, ya ghafla, na kwamba mama hakuteseka. Nilimsikia akisema hivyo kwenye simu, na sikumwingilia. Ilikuwa siri ya mama yake, na sasa ilikuwa yake. Shangazi alikaa kwenye mkeka akisema maneno hayo hayo kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Hakuteseka mwanangu. Mungu alimwonea huruma. Hakuteseka."

Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, yule binti akaniletea nguo za mama yake zimekunjwa: kitenge cha kazini, kilemba, kandambili. Alinikuta nyuma ya nyumba nachambua mchele.

"Mama mdogo," akasema, "naomba umwigize alivyokuwa zamani. Akiwa mzima. Tafadhali."

Nilikuwa nimeshajaribu. Asubuhi ile nilikwenda mpaka shambani, mahali pasipo na mtu, nikajaribu kutembea kwa madaha yake ya zamani na kutoa kicheko chake. Nilikuwa kama mtu aliyevaa koti la mwenzake. Yule wa zamani nilikuwa nakumbuka maneno yake, mwili wake nilikuwa nimeusahau. Aliyekuwa ndani ya macho yangu alikuwa yule wa mwisho.

Nikamwambia ukweli. "Yule wa zamani siwezi kumpata, mwanangu. Ninayemjua ni huyu wa juzi."

"Lakini bibi ataona."

"Nitaficha ninavyoweza, kama yeye alivyoficha. Lakini akiniuliza, sitamdanganya."

Nadhani alitaka kunigombeza, na angekuwa na haki. Aliacha nguo juu ya ungo, akaenda.

Nikaanza kujifunza. Kwanza nilifanya ujinga: niliweka kokoto ndani ya kandambili ili nisisahau ni mguu upi. Nikachechemea, ndiyo, lakini kama mtu aliyechomwa na mwiba. Haikuwa yeye. Nikaazima simu ya binti, nikakaa chini ya ukuta wa ghala, nikamtazama yule mama wa filamu, safari hii bila kuwinda. Nilikwenda kwake kama mtu anayekwenda kuomba chumvi.

Nikafika kwenye harusi. Ni tukio la watu wengi, na mbele wapo bwana na bibi harusi na wapiga ngoma. Mjane yuko nyuma kabisa, mdogo kama kidole, uso hauonekani, amekaa chini na wahudumu wengine. Katika utoto wetu tulikuwa tukimtazama hapo anapotembea na mtungi, tukaridhika kwamba anachechemea. Sasa nikatazama kabla hajainuka. Nikaona mkono wake unatafuta ukuta. Unautafuta mapema, wakati bado anaongea na mwenzake na kucheka, bila kuutazama, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba anachokijua. Halafu ndiyo anainuka.

Nilisimamisha simu hapo. Alikuwa nyuma ya watu wote, pasipo na sura, na huenda siku ile ya kutengeneza filamu kulikuwa na jua na njaa na kelele, na hakuna ambaye angemlaumu kama angesahau. Lakini hakumwacha yule mjane peke yake hata pale. Nikafikiri, huu siyo uigizaji wa kuonekana. Ni kama kumwuguza mtu.

Na kwa mkono ule nikampata binamu yangu. Nikakumbuka wazi. Katika miezi ya mwisho, kila alipotaka kuinuka alikuwa anatoa utani kwanza. Alirusha neno, watu wakatazama mdomo wake, wakacheka, na katikati ya kicheko chao mkono ukashika meza na yeye akasimama. Kicheko kilipokwisha alikuwa tayari amesimama, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu, anamimina chai. Wateja wa Kamanga hawakujua. Mimi nilikuwa nakwenda kukaa naye mezani na sikujua kwamba najua. Alikuwa mwigizaji mkubwa kuliko nilivyomdhania, na alifanya kila siku bila kukosea, juu ya maumivu ya kweli.

Siku yenyewe watu walijaa uwanjani. Nilivaa kitenge chake ndani ya nyumba. Nilipotoka, mzee mmoja jirani wa shangazi akapaza sauti: "Ehe! Mnatuletea huyu bubu ndiyo atuchekeshe? Bora mngemvika mbuzi hicho kitenge!"

Watu wakacheka. Ndipo nikasikia mdomo wangu unajibu kwa sauti ya meza ya chai: "Mzee, mbuzi alikataa. Kasema hawezi kumchekesha mtu aliyemla mama yake."

Uwanja ulilipuka. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, "Ndiye huyo! Ndiye mwenyewe!" Nikakaa kwenye kigoda kando ya meza na sufuria ya chai waliyoniwekea, nikaanza kuuza. Nikamuuliza mchungaji anavuka kwenda kuoa au kukimbia mke. Nikamwambia yule mzee chai yake ni ya bure, ila kikombe anunue. Kila mara nilipotaka kuinuka kumpelekea mtu kikombe nilirusha neno, wakacheka, mkono wangu ukatafuta ukingo wa meza, nikasimama. Nilianza asubuhi yake, na nyonga ilikuwa mlango wenye kutu. Kadiri nilivyozunguka niliiacha ilegee. Sikuwaza kuhusu mguu upi. Nilikuwa namsikia ubavuni.

Watu walitazama mdomo, kama yeye alivyotaka. Walilia kwa kucheka. Yule binti alikuwa mlangoni, amejifunika kanga mdomoni, na sikuweza kujua analia au anacheka.

Shangazi naye alicheka. Alipiga paja, akasema, "Mayu we, mtoto huyu!" kama anavyosema mama yeyote wa kwetu. Nikarusha neno lingine nipate kuinuka. Katikati ya kicheko cha watu nikamwona ameacha kucheka. Hakuwa anatazama mdomo wangu. Alikuwa anatazama mkono.

Nilipeleka kikombe, nikarudi, nikakaa.

"Inuka tena," akasema.

Watu wakadhani ni sehemu ya utani. "Mama mwenye nyumba anataka chai!" yule mzee akadakia.

"Nyamaza wewe," shangazi akamwambia, bila ukali. Kisha kwangu: "Inuka bila kusema kitu."

Nikainuka bila kusema kitu. Bila utani ilichukua muda mrefu, maana hakukuwa na kicheko cha kujifichia. Uwanja ukatulia pole pole, kuanzia waliokuwa mbele.

"Ndivyo alivyokuwa?"

Nilimwona binti mlangoni. Nikamwona shangazi, macho yake makavu, ananisubiri.

"Ndivyo, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu mpunga uliopita."

"Na mimi ananiambia amenenepa."

"Ndiyo."

Nilisubiri apige kelele. Nilisubiri anifukuze, au aanguke, au amgeukie mjukuu wake. Aliweka viganja chini, akajiinua kwenye mkeka. Wanawake wawili walitaka kumsaidia, akawakataa. Akaja mpaka niliposimama.

"Upande upi?"

"Wa kulia."

Akazunguka akaja kulia kwangu. Akapitisha mkono wake chini ya kwapa langu, akaniegemeza kwenye bega lake. Ni mwanamke mfupi, mgumu kama mzizi, ananukia moshi. Alinigeuza kuelekea jikoni, ambako ni mbali kidogo, nje ya uwanja, na tukaanza kwenda.

"Polepole," akasema. "Nani anakukimbiza?"

Nilijaribu kusimama kwa miguu yangu, nikiogopa kumlemea.

"Egemea," akasema. Sijui alikuwa anaongea na mimi au na mwanawe, na sikuuliza. "Egemea, mama. Mimi nimebeba magunia ya pamba maisha yangu yote. Wewe una uzito gani?"

Nikamwachia uzito wangu.